Unadhani, au Unaona?

Hotuba kwa wanafunzi wapya wa urubani, ufundi na uongozaji wa ndege, Dar es Salaam

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliosindikiza watoto wenu, na ninyi vijana mliovaa sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani: hamjambo.

Nilipoingia mmesimama wote mkaniamkia shikamoo kwa sauti moja. Nimeitikia marahaba kwa furaha, maana umri wangu umeshafika pa kuidai salamu hiyo hata kwa watu wenye mvi. Wazee husema asili yake ni "nashika miguu yako". Ni adabu nzuri, na nyumbani kwangu asiyeamkia hapati chai. Ila kuna jambo nataka mlifikirie kabla hatujafika mbali. Mtu aliyeinama ameshika miguu yako, ataionaje taa nyekundu iliyowaka juu ya kichwa chako?

Nimeombwa niwazungumzie kile ambacho darasani mtakiita hyuman fakta, yaani binadamu anavyofanya kazi, anavyochoka na anavyokosea akiwa ndani ya chumba cha marubani. Vitabu vyake ni vinene na mtavisoma, mtake msitake. Mimi leo nitazungumzia masikio tu. Kuna sikio lililomo ndani ya fuvu, ambalo linadanganya. Na kuna lile tunalomtegea mwenzetu, ambalo mara nyingi limeziba.

Nianze na hilo linalodanganya, na nianze na ndege ya majirani zetu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, ilikuwa Douala nchini Kameruni. Ilikuwa imetoka Abidjan na inakwenda Nairobi. Ndege yenyewe mpya, haijamaliza hata mwaka kazini. Ndani yake walikuwamo watu 114. Mvua ya radi ilikuwa inanyesha, giza totoro, na ng'ambo ya uwanja ni mikoko tu, hakuna taa hata moja ya kijiji ya kushikilia kwa macho. Kapteni alikuwa na miaka 52. Rubani msaidizi alikuwa na miaka 23.

Wakapaa, tena bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Mara baada ya kuacha ardhi ndege ikaanza kulalia kulia, taratibu sana. Kapteni akatamka amri ya kuwasha otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege yenyewe. Otopailoti haikuwaka, na kati ya wale wawili hakuna aliyethibitisha kwamba imewaka. Kwa karibu dakika nzima ndege ile haikuwa na mkono wa mtu wala wa mashine, ikiendelea kulala polepole kama jahazi lililoachiwa usukani. Kengele ya kuonya kwamba imelala mno ilipolia, kapteni alishtuka akazungusha usukani kulia, upande uleule ilikokuwa inaangukia. Kisha kushoto, kisha kulia tena. Ikaanguka kwenye kinamasi, kilometa zipatazo tano kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Hakupona mtu.

Ripoti ya uchunguzi ilisema marubani walipotewa na mwelekeo gizani, hawakuwa wakifuatilia vipimo, na hapakuwa na ushirikiano kati yao.

Sasa, nyumbani mtu akisikia "alizungusha usukani kulia wakati ndege inaangukia kulia" anasema: mzembe. Au anasema alilewa. Naomba kijana mmoja aje hapa mbele tuone.

(Hapo alipanda kijana mmoja mrefu, mwenye haya. Nilimkalisha kwenye kiti cha ofisi cha kuzunguka, na mama mmoja wa mstari wa mbele akatuazima kanga ya kumfunga macho. Jina la kanga lilikuja likakaa sawasawa kwenye paji la uso: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Ukumbi ulicheka dakika nzima, naye masikini hajui kinachochekwa.)

Nimemwambia aelekeze kidole gumba upande anaohisi anazungushwa. Nazungusha kulia, polepole, mwendo uleule. Gumba liko kulia, vizuri. Naendelea. Sekunde kumi. Sekunde ishirini. Mnaona? Gumba limesimama wima. Anasema ametulia, na mimi bado namzungusha! Sasa nakishika kiti, nakisimamisha kabisa. Gumba linakwenda wapi? Kushoto. Amekaa kimya kama gogo, hakuna anayemgusa, naye anaapa kwamba anazungushwa kushoto. Mfungueni macho. Mshikeni, asianguke.

Kijana huyu hajalewa na si mzembe. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, na ndani ya majimaji kuna vinyweleo. Kichwa kikigeuka, majimaji yanabaki nyuma kidogo, vinyweleo vinapinda, ubongo unaambiwa "tunageuka". Ukiendelea kugeuka kwa mwendo uleule, majimaji yanaushika mwendo, vinyweleo vinasimama wima, na taarifa inakatika. Na ndege ikilala polepole sana, chini ya digrii mbili hivi kwa sekunde, vinyweleo havipindi hata kidogo. Hakuna taarifa yoyote inayotumwa. Unakunywa kahawa yako huku umelala upande.

Baya zaidi ni pale utakapogundua na kuirudisha ndege sawa. Hapo mwili wote unapiga kelele kwamba sasa unaangukia upande wa pili. Nimewahi kuruka ndani ya mawingu juu ya Ziwa Viktoria nimeinamisha shingo kama kuku anayesikiliza, kwa sababu kipimo cha upeo kilisema tuko sawa na mwili ulisema hapana. Nilikiamini kipimo. Shingo iliuma siku mbili.

Uongo wa sikio lako hausahihishwi na sikio lako. Unasahihishwa na kipimo kilicho mbele yako, na ukikiacha kipimo unasahihishwa na mtu aliyekaa kando yako, iwapo atafungua mdomo. Miaka 52 na miaka 23. Sitamtia mtu maneno mdomoni, marehemu hawawezi kujitetea. Nasema tu kwamba kila kijana wa miaka 23 aliyelelewa Kisumu, Tanga au Bujumbura anajua jinsi ulimi unavyokuwa mzito mbele ya mtu wa umri wa baba yake.

Na msidhani habari hii inawahusu wengine. Tazameni mabega yangu. Kapteni anavaa mistari minne kila bega. Mimi bega la kulia nina minne. La kushoto je? Mitatu. Nimefika hapa saa tatu asubuhi. Nimepeana mikono na watu zaidi ya thelathini, walimu wa urubani wamo. Nimewaona mkinong'onezana pale nyuma. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia, naye ni mama wa chai pale getini: "Baba, bega lako moja limeshushwa cheo." Huyo ningempeleka mafunzoni kesho.

Ngoja niwaambie yaliyonipata mimi mwenyewe, na kampuni naiacha bila jina.

Nilikuwa kijana, saa zangu za kuruka hazijafika hata mia tano. Tulikuwa na ndege ndogo ya injini mbili, zile ambazo magurudumu yake yanaingia tumboni. Tunapeleka abiria saba na magunia ya barua kwenye uwanja wa changarawe kusini mwa nchi. Kapteni alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mswalihina, hajawahi kunikaripia hata siku moja. Nilimwita Mzee, na hewani pia nilimwita Mzee.

Tulipokaribia kutua tukaona ng'ombe wanavuka njia. Tukapandisha magurudumu, tukapita chini kuwatisha, mchungaji akatoka mbio na fimbo, tukazunguka tuje tena. Safari hii ya pili macho yetu yote manne yalikuwa kwenye ng'ombe. Kuna mmoja mweupe, mwenye nundu kubwa, aliyegoma kuondoka. Nikiwa namtazama huyo mweupe, jicho langu likapita kwenye dashibodi. Pale chini pana taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu. Magurudumu yakitoka na kujifunga zinawaka zote tatu. Nilichokiona ni vioo vitatu vyenye vumbi, vimekufa.

Nikasema: "Mzee, samahani, nadhani labda tungeangalia magurudumu."

Akajibu bila kugeuka: "Eeh, nimewaona."

Alidhani nimesema ng'ombe.

Nikanyamaza! Hilo ndilo ninalowaletea leo. Nilijua hakunisikia, taa naziona hazijawaka, ardhi inakuja, nami nikanyamaza, kwa sababu nilishasema mara moja na kurudia ingekuwa kama kumvunjia heshima. Aliyetuokoa ni honi. Kapteni alipopunguza nguvu ya injini, honi ya magurudumu ikalia, akasukuma gesi yote mbele, tukapaa tena tukiwa tumeshauona udongo kwa karibu kiasi cha kuhesabu kokoto.

Tukatua salama, tukashusha magunia. Hakusema neno. Tulipokaa chini ya mkorosho kunywa chai ndipo akaniuliza, kwa upole uleule: "Hivi ulisema nini kule juu?" Nikamrudia sentensi yangu neno kwa neno. Akaweka kikombe chini. "Ulikuwa unadhani, au ulikuwa unaona?" Nikasema nilikuwa naona. "Sasa 'nadhani' imetoka wapi? Na 'labda'? Na hiyo 'tunge' yako? Umeniwekea mito mitatu kwenye sentensi moja, kijana. Nami nikalala."

Miaka imepita na bado naifikiria mito ile. Kiswahili ni lugha ya adabu, na adabu yake imejificha kwenye viungo vidogo vya kitenzi. Hatusemi "nipe maji", tunasema "naomba maji", na mgeni hasa husema "ningeomba maji". Hiyo -nge- ni kama kuvua viatu mlangoni. Sokoni inapunguza bei, ukweni inakupa mke. Kwenye futi mia tano inaua. Na msije mkadhani Kiingereza cha redioni kitawaokoa. Kwa mnara mtasema maneno yaliyokaririwa, sawa. Lakini kati ya wewe na kapteni wako, mambo yakianza kuharibika, maneno yatakayotoka ni yale uliyofundishwa na bibi yako.

Kwa hiyo jizoezeni kusema hivi, hata mkiwa mnaoga: "Kapteni. Magurudumu hayajatoka. Ghairi kutua." Cheo kwanza, ajue anaitwa yeye. Kisha unachokiona, kama kilivyo. Kisha unachotaka kifanyike. Asipojibu, rudia, na sauti ipande. Tena mwite Kapteni, usimwite Mzee. Mzee habishiwi. Kapteni ni kazi, na kazi inaweza kukosewa.

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeishi nayo, nimewachapa nayo wanangu. Basi niwape habari ya mkuu asiyesikia la mdogo.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife cha Hispania, uwanja wa Los Rodeos. Bomu lilikuwa limelipuka uwanja wa kisiwa jirani, ndege zote zikaelekezwa hapo, uwanja mdogo ukajaa, halafu ukungu ukashuka. Boeing 747 ya KLM, shirika la Uholanzi, imesimama mwanzo wa njia, tayari kupaa. Boeing 747 ya Pan Am, shirika la Marekani, inatembea juu ya njia hiyohiyo ndani ya ukungu, ikitafuta pa kutokea. Hazionani. Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lile, na sura yake ndiyo iliyowekwa kwenye matangazo yao. Rubani msaidizi aliyekaa kando yake alikuwa amepewa cheti cha kuirusha ndege hiyo na mkono wa kapteni huyohuyo, miezi ipatayo miwili nyuma.

Kapteni akaanza kusukuma gesi. Rubani msaidizi akasema ngoja, bado hatujapewa ruhusa. Alisema! Kapteni akajibu kwamba anajua, haya uliza. Akauliza, mnara ukawasomea njia watakayoifuata wakishapaa, na kapteni akaachia breki. Ruhusa ya kupaa ilikuwa bado haijatolewa. Safari hii rubani msaidizi hakumzuia. Alishamsahihisha mara moja, na mdomo ukamkauka. Mimi na ng'ombe wangu tunamwelewa sana.

Aliyebaki ni fundi wa ndani ya ndege, kiti cha nyuma. Alikuwa amesikia redioni Pan Am wakisema watatoa taarifa wakishaiacha njia. Maana yake bado wamo. Huyu alijua. Akauliza: kwani hajatoka, yule Pan American? Kapteni akajibu kwa mkazo: ndiyo, ametoka. Hapo swali likafa. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege kugongana au kuanguka iliyoua wengi kuliko hiyo.

Tazameni sentensi ya yule fundi. Ni swali. Alichokijua alikifunga ndani ya swali ili mkubwa asionekane amekosea. Waholanzi hao, jamani, hawana shikamoo.

Miaka kumi na miwili baadaye, Uingereza, tarehe 8 Januari 1989. Boeing 737-400 ya British Midland inatoka London kwenda Belfast. Bapa la feni kwenye injini ya kushoto likakatika, ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Kapteni akauliza ni injini ipi. Rubani msaidizi akaanza kutaja ya kushoto, akajirudi, akasema ya kulia. Wakaizima ya kulia, nzima kabisa, haina kosa. Na kwa bahati mbaya mtetemo ukapungua na moshi ukapungua, kwa sababu katika pilikapilika hiyo injini mbovu nayo ilipunguziwa mafuta. Wakaamini wamepona.

Sasa hapa ndipo panaponiumiza. Kapteni aliwatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilikuwa na tatizo na imezimwa. Nyuma kule kulikuwa na abiria na wahudumu waliokuwa wameona cheche na moto kwa macho yao. Upande wa kushoto. Walisikia "kulia", wakatazamana, na hakuna aliyekwenda kugonga mlango. Kapteni anajua bwana, sisi nani? Walipokaribia kutua wakahitaji nguvu, injini ya kushoto ikafa, ndege ikaangukia kingo za barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth, uwanja wanauona. Kati ya watu 126 walikufa 47.

Marubani wale walikuwa na udhuru wao, na haki lazima isemwe. Aina ile ya ndege ilikuwa mpya kwao, hawakuwahi kufanya mazoezi yake kwenye mashine ya kuigiza, na kipimo cha mtetemo kilikuwa kidogo sana, kimebanwa pembeni. Mtu akikosea, msiishie kwake. Angalieni na kitu alichopewa kushika.

Hili la vitu vya kushika mnaweza kulijaribu leo hii karakanani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za mabomu za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikitua vizuri, zikipunguza mwendo, halafu rubani anakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Wakubwa wakasema ni makosa ya marubani. Mwaka 1943 mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, aliingia ndani akatazama. Swichi ya flapu, yale mabapa ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, na swichi ya magurudumu zilikuwa zimekaa pamoja, zinafanana kama mapacha. Mtu amechoka, amerudi kutoka vitani, mkono unatafuta flapu unashika magurudumu. Chapanis akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la bawa kwenye nyingine. Marubani walikuwa walewale, mikono ileile, na kosa likakoma. Nendeni mkafumbe macho mshike wenzo wa magurudumu kwenye ndege yoyote kubwa. Mkono utakutana na gurudumu.

Cheklisti, ile orodha ya kukagua kabla ya kuruka, nayo ilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1935, uwanja wa Wright Field kule Ohio, Marekani, babu wa hiyo B-17 alipaa kwa majaribio huku vidhibiti vya mkia vimefungwa kwa kufuli ya kuzuia upepo. Rubani alikuwa bingwa, akafa. Wenzake hawakutafuta bingwa zaidi. Walichukua karatasi wakaandika: kufuli imefunguliwa? Kwa hiyo mtu akikutania kwamba unasoma karatasi kama mtoto wa chekechea, mwache acheke.

Usingizi nitaupitia haraka, kwa kuwa mtakula somo lake muhula mzima. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili wako unataka kulala, uwe na nyota ngapi begani. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kama mtu aliyekunywa hadi pombe kwenye damu ikafika asilimia 0.05. Na sisi tuna balaa letu la ziada, saa tatu kwa mpigo: saa ya Kiswahili, saa ya ukutani, na saa ya dunia nzima ambayo ndege zote huitumia. Mimi nimewahi kumwambia mke wangu naripoti kazini saa moja, akaniandalia uji wa alfajiri kumbe ni zamu ya jioni. Uji nilikunywa, nikarudi kulala.

Turudi kwenye masikio, maana yapo yaliyozibuka.

Desemba 1978, ndege aina ya DC-8 ya shirika la United ilizunguka karibu saa nzima juu ya Portland, Marekani, kapteni akishughulika na gurudumu ambalo hakuwa na uhakika nalo. Wenzake wawili walikuwa wakiyataja mafuta, kwa upole, pembeni pembeni. Mafuta yakaisha. Walikufa watu 10. Mwaka uliofuata NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, iliwakusanya wataalamu, na mwaka 1981 United wakaanza kuwafundisha makapteni wao kuuliza na wasaidizi wao kusema. Makapteni wengi waliona ni mambo ya kike. Wengine waliona ni kuporwa cheo.

Kisha ikaja tarehe 19 Julai 1989, shirika lilelile. Kapteni Al Haynes anarusha DC-10 yenye watu 296, injini ya mkiani inapasuka na kukata mabomba yote ya haidroliki, yaani majimaji yenye shinikizo yanayogeuza vidhibiti vya ndege, mifumo yote mitatu. Usukani umekuwa pambo, haugeuzi kitu. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwalimu wa ndege hiyohiyo, Dennis Fitch, akaomba kusaidia. Haynes alikuwa na cheo cha kumwambia rudi ukakae. Akamkaribisha. Fitch akapiga magoti kati ya viti, akashika gesi za injini mbili zilizobaki, akawa anaigeuza ndege kwa kuongeza huku na kupunguza kule, wakati Haynes na wenzake wawili wanasema wanachokiona, kila mtu, kwa zamu. Walifika hadi uwanja wa Sioux City. Ndege ilivunjika ilipogusa chini, ikawaka moto, na bado watu 184 walitoka hai. Haynes baadaye alikuwa akisema kwamba mle ndani mlikuwa na miaka 103 ya kurusha ndege ukijumlisha watu wote, na hakuna dakika hata moja ya miaka hiyo ambayo mtu aliwahi kufanya mazoezi ya jambo kama lile. Hakuna aliyejua jibu, basi kwa nini atoe amri peke yake?

Sisi watu wa mwambao tulilichukua neno rubani baharini. Rubani ndiye aliyejua mkondo na miamba, nahodha ndiye mwenye chombo. Nahodha mwenye akili akiingia mlango wa bandari asioujua alimsikiliza rubani, hata kama rubani ni mtoto wa jana aliyepanda kwa ngalawa. Kwa hiyo desturi hii siwaletei kutoka Ohio.

Naona mkono. Simama, binti, sema kwa sauti.

(Aliuliza: "Na nikimwambia kapteni akakasirika?")

Atakasirika. Wengine wananuna hadi Mwanza. Umwache anune, maana anayenuna yuko hai. Lakini nakujibu na kwa upande wa sheria, kwani unayo silaha. Mkiwa chini, mnakaribia kutua, ukamwita mara mbili kuhusu jambo la hatari asijibu wala asirekebishe, mashirika mengi yanakuagiza uchukue ndege. Huombi. Unatamka kwamba usukani ni wako, unaushika, unaghairi kutua. Inawezekana ameshikwa na kiharusi palepale alipokaa, macho wazi. Imewahi kutokea marubani kuzimika hivyo. Ukishatua, mwandikie ripoti, halafu mwamkie shikamoo kama kawaida. Na ninyi mtakaokuwa makapteni, siku ya kwanza na kijana mpya, kabla hamjawasha injini, mwambieni: leo nitakosea mahali, nakutegemea unishike. Halafu siku akikushika, hata akiwa amekosea yeye, sema asante kwanza. Ukimkaripia mara moja tu, umekinunua kimya chake kwa mwaka mzima.

Mama, na wewe? Karibu.

(Mama wa kanga aliuliza: abiria wa kawaida afanye nini akiona kitu, maana yeye angeogopa kuonekana mshamba.)

Mwite mhudumu, umwambie ulichokiona: dirisha la upande gani, rangi gani, kimeanza lini. Usimwambie tatizo ni nini, hiyo si kazi yako. Wakikucheka, ucheke nao. Mimi kuna abiria mmoja alimtuma mhudumu aniambie bawa linavuja. Lilikuwa ni maji ya mvua. Nilitoka nikaenda kumshukuru.

Haya, kanga yako hii hapa, mama, asante sana. Kijana wa kitini ameshapata nafuu? Bado? Basi mpeni chai yenye tangawizi, na mwingine aje akae tuzungushe kushoto.